Pawa saplai ya kompyuta, betri au mkono: nini kizungushe mashine ya asali Singida?

Karibu kila fundi kompyuta ana lundo la pawa saplai kwenye kona. Zimetoka kwenye kompyuta za mezani zilizochoka, za ofisini na za shuleni, nyingine Dell, nyingine HP, nyingine za majina yasiyokumbukwa na mtu. Kompyuta imekufa, pawa saplai bado nzima, na ndani yake kuna volti 12 zenye nguvu ya kutosha kuzungusha mota ndogo. Mfuga nyuki mwenye mashine ya kukamulia asali kwa mkono akiliona lundo hilo, hesabu inajileta yenyewe: anunue mota ya waipa ya gari la mtumba, aifunge kwenye mashine kwa mnyororo wa baiskeli, ailishe kwa pawa saplai, mkono upumzike.

Wazo ni zuri. Kama ni nafuu kuliko mengine, hilo linategemea mambo mawili ambayo muuzaji hayataji: mota hula nini sekunde ile inapoanza kuzunguka, na mizinga yako iko umbali gani kutoka kwenye nguzo ya umeme.

Kwanza tuondoe hofu ya bili, maana huwasumbua watu bure. Mota ya waipa inayozungusha pipa dogo la fremu mbili au tatu hula ampea 4 hadi 6 ikishashika mwendo. Tuchukue 5. Kwa volti 12 hizo ni wati 60. Pawa saplai ya zamani hupoteza sehemu kubwa ya umeme kwa joto, kwa hiyo LUKU itahesabu kama wati 85. Ukikamua kwa saa 3 umetumia robo ya uniti na kidogo juu. Aliye kwenye tarifu ya T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Weka VAT ya asilimia 18, ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, unafika shilingi 356. Kazi nzima ya siku hiyo imekugharimu shilingi 91 hivi. Aliye kwenye D1, wale wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, analipa 122 pamoja na tozo, na kwake asubuhi hiyo ni shilingi 31.

Muuzaji wa pawa saplai mpya atakuambia yake haipotezi umeme. Ni kweli, na haina maana kwako. Ukipata yenye ufanisi wa asilimia 85 badala ya 70, utaokoa shilingi 15 kwa saa 3. Kwa mashine inayofanya kazi siku chache kwa msimu, tofauti hiyo hailipi hata nauli ya bodaboda ya kuifuata dukani. Pesa yako inakwenda kwenye kununua kifaa, halafu kwenye kukinunua tena kikiungua.

Sasa pawa saplai yenyewe. Ukiuliza dukani mazungumzo huwa hivi: “Fundi, hii ina nguvu gani?” “Mama, hiyo wati mia nne na hamsini, inabeba chochote.” Wati 450 ni jumla ya nyaya zote, na wewe unahitaji waya mmoja tu. Geuza boksi usome jedwali lililobandikwa ubavuni, kwenye safu ya +12V. Pawa saplai za kizazi cha mwanzo zilitengenezwa wakati kompyuta zikila zaidi volti 5, kwa hiyo utakuta volti 5 ina ampea 30 na volti 12 ina ampea 10 au 13 tu. Kuanzia matoleo ya mwaka 2003 na kuendelea mzigo ulihamia kwenye volti 12, na humo ndimo utakuta ampea 16, 18 au zaidi. Boksi mbili zenye “450W” zile zile zinaweza kutofautiana kiasi kwamba moja itazungusha mashine yako na nyingine itazima kila ukigusa swichi.

Kwa sababu hiyo, usilinganishe bei kwa boksi, gawa bei kwa ampea za volti 12. Bei za mtumba hazitabiriki, nitatumia mfano wa kubuni ili hesabu ionekane: ukitajiwa 25,000 kwa boksi la kompyuta lenye ampea 16, kila ampea imekugharimu shilingi 1,560 na ushee. Jirani yake akikuuzia 18,000 lakini lina ampea 10, kila ampea ni 1,800. La bei ndogo ndilo ghali, tena halitoshi.

Kuliwasha bila kompyuta ni rahisi. Kwenye plagi pana yenye matundu 20 au 24 kuna waya mmoja wa kijani. Ukiunganishwa na mweusi wowote, pawa saplai inaamka na feni yake inazunguka. Njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi. Weka swichi ndogo kati ya kijani na mweusi, tayari una mahali pa kuwashia. Tahadhari iko kwenye boksi za kampuni kubwa: Dell za mwisho wa miaka ya 1990 zilikuwa na mpangilio wake wa nyaya ingawa plagi inafanana na za wengine, na HP nyingi za karibuni zina plagi ndogo zisizofuata utaratibu huu hata kidogo. Rangi isikudanganye, mwambie fundi apime kwa mita kabla hujalipa.

Kuna jambo la nyuma ya boksi ambalo limeua pawa saplai nyingi kuliko mota zote: swichi ndogo nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Kompyuta nyingine za mtumba zimetoka nchi zenye umeme wa volti 110 hadi 120, na swichi imeachwa kule kule. Ukichomeka kwenye soketi ya Tanzania ikiwa kwenye 115, utasikia mlio mmoja na biashara imeisha. Nyingine hazina swichi, zinajirekebisha zenyewe. Na usifungue boksi. Ndani yake kuna kapasita zinazobeba volti zaidi ya 300, na hubaki nazo kwa muda hata baada ya kuchomoa plagi. Nyaya zote unazohitaji ziko nje.

Boksi la zamani sana linaweza kuwa na tabia nyingine inayofanana na ubovu: volti 12 inapanda na kushuka, au boksi linajizima lenyewe kwa sababu volti 5 haina kazi. Dawa yake ni taa ya breki ya gari, ile ya wati 21, ukiifunga kati ya nyekundu na nyeusi. Itawaka kwa uhafifu, itakula kama ampea moja, na boksi litatulia.

Sasa tuje kwenye kinachowarudisha watu kwa fundi wakilalamika. Mota ya mkondo mnyoofu ikiwa imesimama haina ubishi wowote kwa umeme. Sekunde ya kwanza inavuta ampea 12, hata 20, kabla haijashika mwendo na kushuka kwenye 5. Pipa lenye masega mazito linarefusha sekunde hiyo. Betri ya gari haioni shida, imezaliwa kwa ajili ya kupiga stata. Pawa saplai ya kompyuta ina mlinzi ndani anayeona mvuto huo kama shoti, anakata kila kitu, na hatarudisha mpaka uzime swichi na kuwasha upya. Utaona pipa linatingishika kidogo, feni ya boksi inasimama, kimya. Boksi si bovu. Linafanya lililotengenezwa kufanya.

Njia za kulizunguka tatizo hili zipo, na hazina bei sawa. Ya bure ni kusukuma pipa kwa mkono kwanza, kisha kuwasha likiwa linazunguka. Lakini mota ya waipa ina gia ya skrubu ambayo hairudi nyuma: ukisukuma pipa, gia inakataa, na siku utakayozima ghafla uzito wa pipa utaitafuna gia hiyo. Hapo ndipo friwili ya baiskeli inapopata kazi yake. Ukiifunga kati ya mnyororo na ekseli ya pipa, pipa linaweza kusukumwa kwa mkono bila kuisumbua mota, na ukizima linaendelea kuzunguka taratibu mpaka lisimame. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha hii, na ndicho ningekinunua cha kwanza.

Mnyororo unahitajika hata hivyo, maana waipa huzunguka mara 45 kwa dakika kwenye mwendo mdogo na kama 65 kwenye mkubwa, wakati asali inahitaji mara 200 au zaidi ili itoke vizuri kwenye sega. Gurudumu la mnyororo la mbele lenye meno 48 likivuta la nyuma lenye meno 16 linazidisha mwendo mara 3, na waipa ya 65 inakupa 195. Inatosha kwa pipa dogo. Pipa la fremu nane, tafuta mota nyingine.

Njia ya pili ni kidhibiti mwendo cha PWM, kisanduku kidogo chenye kitufe cha kuzungusha. Unaanza taratibu, unaongeza polepole, mvuto wa mwanzo haupati nafasi. Kina faida ya pili ambayo mfuga nyuki ataithamini kuliko mimi: sega jipya lililojaa likizungushwa kwa kasi kuanzia mwanzo hupasuka, na nta inachanganyika na asali. Chagua chenye ampea angalau mara mbili ya zile mota inazotumia ikiwa kazini. Kwa hiyo bei halisi ya mradi wa pawa saplai ni boksi, kidhibiti, friwili, mota na fundi wa kuchomelea. Anayekutajia bei ya boksi peke yake hajamaliza hesabu.

Pawa saplai za kamera na taa za LED, zile za bati lenye matundu, zinauzwa mpya na hutajwa kama mbadala. Zinatoa volti 12 peke yake, bila waya wa kijani wala swichi ya 115 iliyosahaulika, na zina skrubu ndogo ya kuongeza volti kidogo. Udhaifu wa kuanza ni ule ule, ila nyingi zikizidiwa hujaribu tena zenyewe badala ya kujifungia. Ampea kwa ampea kwa kawaida zitazidi bei ya boksi la mtumba. Lakini skrubu za nyaya za volti 230 ziko wazi pembeni, kwenye chumba chenye asali sakafuni, maji ya kunawa na watoto wanaozunguka wakitafuta sega la kutafuna. Boksi la kompyuta limefungwa pande zote, lina kebo yake ya pini tatu, na bati lake limeunganishwa na ethi. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko bei, mradi soketi yenyewe iwe na ethi ya kweli, maana soketi yenye tundu la tatu lisilo na waya nyuma yake si jambo la ajabu.

Hapo tumezungumza kana kwamba umeme upo. Singida ni mahali pa kuchekesha kwa hilo. Njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga inapita hapa, na ile inayotuunganisha na Kenya inaanzia hapa hapa. Nguzo za chuma zinapita juu ya mashamba ya alizeti zikibeba umeme wa nchi mbili. Lakini nyuki hawapendi nguzo. Wako Manyoni na Itigi, kwenye vichaka ambavyo mtu akipotea humo hatafutwi kwa taa, na asali inapofika barabarani imeshatembea sana. Kama unakamulia kambini porini, pawa saplai ya kompyuta haikuhusu, hata ukipewa bure.

Huko betri ndiyo bwana. Saa 3 kwa ampea 5 ni ampea-saa 15. Betri ya gari ya N50 ina kama 50, na ya kawaida isishushwe chini ya nusu ikiwa unataka iishi, kwa hiyo una 25 za kutumia: siku moja ya kazi na akiba. Kuirudishia unahitaji sola. Paneli ya wati 50 kwenye jua letu la saa 5 kali itakupa kama wati-saa 190 kwa siku baada ya hasara, na wewe umetumia 180 ambazo betri itadai zirudi kama 230 au 250. Siku moja haitoshi, mbili zinatosha. Paneli ya wati 100 inamaliza kabla ya jua kuzama. Ongeza kidhibiti chaji, vinginevyo betri itapikwa.

Jumla ya betri, paneli na kidhibiti chaji itakuwa mara kadhaa ya boksi la mtumba. Tofauti ni kwamba betri hiyo haimalizi kazi msimu wa asali ukiisha. Itawasha taa, itachaji simu za kijiji kwa malipo. Boksi la kompyuta likimaliza asali linarudi kukaa na vumbi. Kwa anayeishi kijijini ambako kuunganishiwa na TANESCO ni shilingi 27,000, nunua huduma hiyo kwanza, kisha ufikirie boksi. Kwa mjini, ambako ada tangu mwaka 2022 ilikuwa 320,960, hakuna anayevuta umeme kwa ajili ya mashine ya asali.

Kuna kosa moja la kuchanganya vyote viwili, nalo lina gharama: kutumia pawa saplai ya kompyuta kuchaji betri. Boksi linatoa volti 12 kamili, ruhusa yake ni kati ya 11.4 na 12.6. Betri ya risasi inahitaji kama 14 ili ijae. Ukiziunganisha, betri haitajaa kamwe, na boksi likizimika betri inaanza kulisha boksi. Nunua chaja ya betri. Chaja ya laptop nayo isikushawishi kwa mota hii. Inatoa volti 19 au 20, na waipa itakimbia kwa furaha mpaka inukie.

Mkono je? Mashine ya mkono ina mhimili, ina gia, na kijana wa nyumbani anaizungusha mpaka achoke, akichoka anapokea mwingine. Kwa mizinga kumi sioni hesabu inayoshinda hiyo. Kati ya mkono na mota kuna drili ya umeme yenye kifyatulio cha kuongeza mwendo: ukiikodi kwa fundi seremala siku ya kukamua na ukatengenezewa kishikizo cha kuifunga kwenye ekseli, una mota na kidhibiti kwa pamoja bila kununua chochote cha kudumu. Inapiga kelele na haipendi kazi ya saa tatu mfululizo. Ipumzishe.

Na kabla ya vyote, angalia mizinga yako. Mashine ya kuzungusha, ya mkono au ya umeme, ni ya masega yaliyo kwenye fremu. Asali ya mizinga ya magogo, ambayo ndiyo mingi mkoani na Tanzania nzima, inatoka na sega lililokatwa, na sega hilo likiwekwa kwenye pipa linalozunguka linakuwa uji. Mizinga ya vijiti vya juu nayo ina sega lisilo na fremu pembeni, haivumilii. Kwa mizinga hiyo unahitaji mashine ya kubana yenye skrubu, au ndoo, chujio na subira. Mwenye mizinga 60 ya magogo na mitatu ya fremu hana sababu ya kuwa na mota. Pesa hiyo ingemnunulia fremu.

Wafuga kuku wa kienyeji nao huuliza, kwa ajili ya feni ya mashine ya kutotoleshea. Feni hiyo hula robo ya ampea. Adapta ya volti 12 kutoka kwenye ruta ya zamani inatosha na inabaki, boksi la kompyuta lingekuwa ni kumtuma tembo kubeba yai. Wa alizeti anayetaka feni ya rejeta kwa kupepeta mbegu, yake inavuta ampea 10 au 15 na zaidi sana inapoanza. Hapo sipendekezi boksi lolote, nunua betri. Au subiri upepo, ambao Singida tunao kwa kiasi ambacho mipango ya kuufanya umeme imekuwa ikizungumzwa tangu miaka ya 2010, na akina mama wanautumia bila mkataba.

Kama baada ya haya yote boksi la kompyuta bado ndilo lako, usikubali jaribio la feni kuzunguka, maana feni inazunguka hata kwenye boksi lililochoka. Chukua taa mbili za mbele za gari za wati 55 uende nazo dukani. Zifunge zote kati ya njano na nyeusi kisha uwashe. Zikiwaka zitakula ampea 9 kwa pamoja, na zikiwa baridi zinavuta zaidi kwa kitambo, kama mota yako itakavyofanya. Ziache ziwake dakika 10 huku mkibishana bei. Kisha fundi aweke mita kwenye njano: ikisoma kati ya 11.4 na 12.6, na boksi halijanuka, lipa. Likizima taa zilipowashwa, omba lingine kwenye lundo. Yako mengi.